Baba wa Sita

Ile simu niliiuza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Muuzaji wa pale Kayanga alitaka nimwachie ya zamani, niongeze laki mbili, ndipo anipe mpya. Nilimchosha kwa dakika arobaini. Niliondoka dukani mara mbili nikarudi mara moja na nusu, maana mara ya pili alinifuata mwenyewe hadi barabarani. Nikaipata kwa laki na ishirini, kava juu, na kioo cha kuzuia mikwaruzo kimebandikwa bure. Niliikagua mara mbili. Chenji niliihesabu mara mbili. Ndipo akaniuliza, ile ya zamani ikiwa mkononi mwake, "Mzee, picha na namba nimeshakuhamishia. Hii nifute vyote?"

"Futa," nikasema.

Katika mapatano yote ya siku ile, hilo ndilo neno pekee ambalo sikulifikiria mara mbili.

Mimi ni dalali wa maharage. Siku ya gulio nipo Nkwenda, siku nyingine nazunguka vijijini. Zamani, kabla mfuko wa shati haujaanza kufikiri kwa niaba yangu, niliweza kubeba kichwani wauzaji thelathini wa siku moja: nani kaleta debe ngapi, ya nani yana unyevu, nani ana tabia ya kutaja debe ambalo halijazaliwa. Jioni nilikaa juu ya gunia, nikafumba macho, nikawapitisha mmoja mmoja kama ng'ombe kwenye mlango wa zizi. Kisha nikawapitisha tena. Siku hizi nikiulizwa saba mara nane mkono unakwenda mfukoni wenyewe, kabla kichwa hakijapata habari kwamba kimeulizwa. Namba ya mke wangu siijui. Najua tu kwamba iko chini ya herufi M, na picha yake amevaa kitambaa cha kijani.

Haya yote niliyachukulia kama faida. Kichwa kikipunguziwa mzigo si kitapumzika? Sikujua kwamba kichwa ni kama punda. Ukikipumzisha sana kinasahau njia ya sokoni.

Nina kazi ya pili, isiyo na leseni. Kijana akitaka kuoa, familia hunichukua niwe msemaji wao ukweni. Nimewasemea vijana kumi na tisa. Nimewahesabu mara mbili. Nimepunguza ng'ombe, nimeahirisha mbuzi, nimewachekesha mabibi waliokuja wamenuna toka nyumbani. Wa ishirini alikuwa mwanangu mwenyewe, fundi wa umeme wa jua, kijana mtulivu asiyejua hata kubishana bei ya nyanya. Na kwetu baba hajisemei. Tukamtafuta msemaji mwingine, nami nikabakiwa na jambo moja tu ambalo msemaji wa kukodi hawezi kulifanya.

Kwetu, na kwa watu wengi tunaooana nao, kabla ng'ombe hajatajwa, baba wa kijana husimama na kutaja baba saba. Wa kwanza ni baba yake yeye anayesimama, wa pili ni baba wa huyo, hadi wa saba. Kisha upande wa binti nao hutaja wao. Majina yakikutana mahali, ninyi ni damu moja. Pombe itanyweka, lakini ndoa hakuna. Na anayetaja husimama mikono mitupu. Nilikuwepo siku kijana mmoja aliposimama kumsaidia baba yake kwa karatasi. Bibi mmoja akamuuliza, "Mjukuu wangu, wakikuibia karatasi hiyo utakuwa mtoto wa nani?" Tulicheka hadi tukafuta machozi. Nadhani mimi nilicheka kuliko wote.

Baba yangu hakunifundisha majina hayo kwa kunikalisha chini. Alinifundisha kwa ndoo. Kutoka nyumbani kwetu, kule Nyakakika, kwenda chemchemi kulikuwa na njia yenye vituo saba: jiwe la kunolea panga, njia panda ya shamba la jirani, mgomba wa pombe uliosimama peke yake, na kadhalika hadi kwenye maji yenyewe. Kila kituo kilikuwa na mtu wake. Ukifika unamtaja ndipo unapita. Baba alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Nikikosea alikuwa hasemi kitu. Anasimama tu, nami nasimama, hadi jina litoke.

Nilikuwa na miaka minane au tisa bomba lilipoletwa. Mama alishukuru kuliko sisi sote, maana mgongo ulikuwa wake. Njia ikaota majani. Hakuna aliyefikiria kwamba tumeacha kuteka kitu kingine pia.

Miaka mitatu iliyopita, baba alipoanza kudhoofika, aliniita.

"Kaa hapa. Nitaje watu wako."

"Baba, nina gari la maharage linanisubiri."

"Litasubiri. Taja."

Nikataja watano. Hapo nikasita. Akanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza na ndoo mkononi. Nami nikafanya ujanja wa mjini. Nikatoa simu, nikabonyeza kitufe, nikaiweka karibu na mdomo wake. "Taja wewe baba, mimi nakuhifadhi humu. Humu hakiharibiki kitu."

Aliitazama simu, akanitazama mimi. Kisha akataja wote saba, polepole, na kila mmoja akamwekea neno lake: huyu alivuka mto na ng'ombe wawili, huyu alikuwa na kigugumizi. Dakika nne na nusu. Alipomaliza akasema, "Sasa wewe."

"Nimeshakurekodi, baba."

"Nimesikia. Sasa wewe."

Nikamwambia nitafanya Jumapili. Jumapili ile nilikuwa Nkwenda. Nyingine pia. Sikuifungua ile sauti hata mara moja, kwa sababu ilikuwepo. Kitu kilichopo hakina haraka. Baba alifariki wakati wa mvua za vuli. Miezi kama minane baadaye nikabadilisha simu.

Siku kumi kabla ya kwenda ukweni ndipo nilipotafuta. Picha zilikuwepo zote, hata ya gunia lililopasuka. Namba zilikuwepo. Sauti haikuwepo. Nikatafuta tena, maana ndivyo nilivyo. Haikuwepo mara mbili.

Nilikwenda Kayanga na pikipiki asubuhi ile ile. Muuzaji wa simu aliniona kwa mbali akaanza kucheka. "Mzee wa kupunguza! Umekuja kunimalizia duka?"

"Ile simu yangu ya zamani iko wapi?"

Kicheko kikamtoka usoni. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole. Ilinunuliwa na mama muuza dagaa wa Nkwenda. "Lakini mzee, nilikuuliza."

"Najua uliniuliza."

"Nilikuuliza nifute vyote, ukasema futa."

"Nimesema najua."

Mama wa dagaa sikusumbuka kumpata. Sokoni Nkwenda mimi nawajua wote kwa sura. Alinisalimia shikamoo, akaifuta simu kwenye kanga kabla ya kunipa. Nikaifungua, nikamwambia natafuta sauti ya baba yangu. Ndani kulikuwa na kwaya, mtoto wake amevaa joho la mahafali ya chekechea, na mizani ya dagaa iliyopigwa picha kama ushahidi.

"Sauti gani hiyo, baba? Nilipoinunua ilikuwa tupu kama sufuria ya dukani."

"Niuzie."

"Ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi unaitakia nini?"

Nikampandishia bei mara mbili ya aliyonunulia. Miaka thelathini sokoni, sijawahi kujipandishia bei mwenyewe. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekupa noti kubwa saa ya haraka. Akaichukua simu yake taratibu kutoka mkononi mwangu, akaisukumiza ndani ya blauzi. Fundi wa kibanda cha jirani alinimalizia maneno bila hata kuishika: ikishafutwa na mtu mwingine akajaza vyake juu, hakuna cha kufukua.

Nikabaki na shangazi. Dada wa baba, anakaa palepale nyumbani kwetu Nyakakika, ndiye wa mwisho wa rika lile. Nilimpelekea sukari na sabuni. Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakisimami hata akiongea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa sukari au umekuja na shida?"

"Na shida. Wa sita, shangazi. Baba wa sita ni nani?"

Akataja wa kwanza hadi wa tano kwa mfululizo, kisu kikienda. Kwenye wa sita kisu kikasimama.

"Namjua," akasema. "Huyo namjua kabisa. Yuko hapa." Akajigusa kidevuni kwa mpini wa kisu. "Alikuwa na… Ngoja. Baba yako ndiye aliyekuwa anawataja. Mimi nilikuwa namsikiliza yeye." Kisha akanigeukia kwa hasira ya mtu mwenye aibu. "Na wewe si ulimweka kwenye simu? Alituambia! Alisema, mwanangu amenichukua wote, sasa naweza kwenda."

Nilitoka nje nikaishika njia ya chemchemi.

Kituo cha kwanza, jiwe lipo. Nikamtaja mtu wake. Njia panda haipo, shamba limepandwa mikaratusi, lakini miguu ilijua, nikamtaja wa pili. Wa tatu, wa nne. Wa tano nilimtaja kwa sauti hadi ndege wakaruka. Baina ya hapo na maji kulikuwa na majani marefu kunipita kiuno. Nikaingia. Nikafika mahali ambapo mwili wangu ulisimama wenyewe. Sikuona alama yoyote, lakini nilijua ni hapa, kama unavyojua kiti chako gizani. Nikafungua mdomo.

Nilisimama hapo na mdomo wazi, mzee wa miaka hamsini na mitatu, katikati ya magugu. Nikarudi hadi kwenye jiwe nikaanza upya. Nikasimama palepale. Mara ya tatu nilikuja nikikimbia, nikidhani huenda jina litachopoka kwa mshtuko. Nilisikia pumzi zangu tu. Hatua ishirini mbele, kwenye maji, wa saba alinijia bila kuitwa, maana huyo ndiye aliyekuja na ng'ombe na kila mtu wa ukoo anamjua. Kwa hiyo nilikuwa na sita kati ya saba. Kwenye maharage, upungufu huo ningeuvumilia.

Siku ikafika. Tulikwenda na magari mawili hadi kwa wakwe, upande wa Nkwenda. Nilitaka kumwambia mwanangu njiani, lakini alikuwa anajitazama kwenye kioo cha pembeni, anarekebisha tai kwa mara ya sita. Tulikaa, tukapewa kahawa ya kutafuna, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Msemaji wao alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya afisa ushuru.

"Mmekuja wangapi?"

"Kumi na wawili," akasema msemaji wetu.

"Mimi nahesabu kumi na tatu."

"Wa kumi na tatu ni njaa. Mkimhudumia ataondoka."

Wakacheka. Nikapima: msemaji si mbaya. Mimi ningeongeza kitu juu ya bibi wa mlangoni. Kisha wakanigeukia.

"Mzazi mwenzetu, tukijaliwa kukuita hivyo, simama utuambie unatoka kwa nani. Mikono tuione."

Nikasimama. Nikaonyesha viganja. Nikamtaja baba yangu, sauti ikatetemeka kidogo, wakadhani ni msiba. Wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano. Nikasimama.

Babu wa binti alikuwa amekaa mbele yangu, anatafuna kahawa. Akaacha kutafuna. Mtu akakohoa. Msemaji wao akainamisha kichwa. "Vipi, hapo pana mlima?"

"Mpeni maji," sauti ya mwanamke ikasema.

"Labda chaji imeisha!" akadakia kijana mmoja wa upande wao, na nyumba nzima ikaangua kicheko, hata watu wetu.

Kicheko kile kilinipa nafasi ya kuvuta kama pumzi nne. Nilimwona mwanangu. Hakucheka. Alikuwa amenikazia macho kwa imani ile aliyokuwa nayo utotoni nikimrusha juu. Nyuma ya pazia la chumba niliona vidole vya binti vimeshika kitambaa. Nilijua kitakachotokea nikikiri. Wangesema, kwa adabu kabisa, nendeni mkawatafute watu wenu kisha mrudi. Na sisi hatukuwa na pa kuwatafuta.

Zamani pale Nkwenda tulikuwa na mbeba magunia, mtu mzima, alitoka Burundi peke yake. Hakuwa na mke wala mtoto. Alibeba magunia yangu miaka kumi na moja, kisha siku moja hakuja, na hakuna aliyeuliza. Jina lake lilikuwa zuri, la kizamani, linaweza kuwa la mtu yeyote wa huku. Kicheko kilipotulia nikalitaja. Likafuata la wa saba. Nikakaa.

Babu wa binti akalirudia lile jina la sita polepole, kama anayeonja chumvi. "Huyo simjui."

"Hata mimi sikumkuta," nikasema.

Wakacheka tena. Nimepiga bei nyingi maishani, lakini ile ndiyo mara niliyouza kitu ambacho sikuwa nacho kwa watu walionipenda papo hapo.

Ndipo babu akasimama kutaja wao. Mzee yule hakuwa na simu, hakuwa na hata miwani. Majina yalimtoka kama maji, akavuka saba akafika tisa, nyongeza juu yake. Mimi nilikuwa nimeinama nasikiliza. Na alipofika kwa wa sita wao, kitu kikanigonga kifuani. Kilinigonga palepale, vilevile kama kwenye yale magugu. Mwili wangu ulisimama.

Sijui. Hadi leo sijui. Huenda ni kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka na kutafuta huona kila jina ni lake. Huenda nililisikia gulioni. Au huenda ndiye. Wa saba wao alitajwa kwa jina jingine, lakini mtu wa zamani aliweza kuwa na majina mawili. Niliirudia ile sauti ya baba kichwani mara mbili, na mara ya pili tayari ilikuwa imechanganyika na sauti ya babu, haikuwa tena ya baba.

"Hatukutani," babu akatangaza. "Watu hawa ni wageni, tuwapokee." Vigelegele vikapigwa. Sikusema kitu. Ng'ombe wakashushwa kutoka wanane hadi watano. Mimi ningewafikisha wanne.

Walioana. Mkwe wangu ni binti mwema, ananisalimia kwa magoti hadi naona aibu. Sasa ni mjamzito wa miezi sita, na mimi kila akipita namtazama tumbo kisha natazama pembeni.

Mwezi uliopita nilijikaza. Nilimwita mwanangu nyuma ya nyumba nikamwambia, "Yale majina niliyotaja ukweni, kuna jambo."

Akacheka, akanishika bega. "Usijali, baba. Nilijua utakuja na hili. Nimekurekodi siku ile yote, nimeshaituma kwenye kundi la familia. Kila mtu anayo. Hata wewe ukisahau, hatupotei."

"Ndani yake kuna kosa."

"Kosa gani? Niambie nifute, nirekodi upya."

Nikafungua mdomo. Nirekodi upya nini? Nilimwambia kulikuwa na kelele nyingi za watu. Akasema hizo ndizo zinazoipa uzuri.

Nilikuwa na tumaini moja limebaki. Nikapanda pikipiki hadi Nyakakika, sukari mkononi. Nilisema moyoni, kama kuna mtu atakayesikia lile jina na kulikataa, ni shangazi. Akilikataa, huenda lile la kweli litamtoka kwa hasira, kama jino. Nilimkuta amekaa palepale na ndizi zake. Kabla sijasalimia akaniita kwa furaha.

"Njoo wewe! Mjukuu wangu alinisikilizisha kwenye simu yake. Umemtaja vizuri kabisa."

"Nani, shangazi?"

Akamtaja mbeba magunia wangu. Jina lote, sawasawa, bila kusita. "Ndiye huyo. Ndiye niliyekuwa namsahau! Nilikwambia namjua." Kisu kikaendelea. "Alikuwa mrefu, baba yako alisema. Alikuwa na ng'ombe mweupe."

Nilikaa kwenye kigoda kando yake. Akaanza kuwataja, kwa raha ya mtu aliyepata kitu chake kilichopotea, mmoja hadi saba, na maganda yakidondoka. Alipomaliza akaanza tena toka mwanzo. Nami niliwahesabu kwa vidole, mara ya kwanza na mara ya pili. Saba. Saba.